Sifuri Maana Yake Ndiyo

Saa tisa alasiri, Januari, mjini Oulu,
jua limeshaondoka bila kuaga.
Nje theluji imezimeza baiskeli za wanafunzi
hadi kwenye usukani.
Nami mezani, chai imepoa,
naandika kwa C mlango wa maktaba,
mlango usio na ubao wala bawaba:
mtu ataandika jina, ataandika nenosiri,
nami nitaiuliza seva iliyo chini ya ardhi,
nyuma ya chumba cha mabomba,
huyu ni mwenyewe, au mpita njia?

Utaratibu ni wa kitendawili.
Nenosiri halisafiri. Seva hutega:
huleta bahasha iliyofungwa kwa ufunguo
uliofinyangwa kutokana na neno lile lile.
Ukiifungua, ni wewe.
Ikigoma, rudi kwenu.
Na kitendaji changu kikirudisha sifuri,
sifuri maana yake ndiyo.
Miaka kumi na minane naandika C
na bado hilo huniwasha:
kukataliwa kuna namna mia, kila moja na nambari yake,
kukubaliwa ni utupu tu.

Nikabisha hodi kwa jina langu, Rautio.
Sifuri. Karibu.
Nikakosea herufi kusudi. Nikafukuzwa.
Nikajipongeza kwa andazi la mdalasini.

Ndipo akaja Ilpo, kijana wa mafunzo kutoka Kajaani,
soksi hazifanani,
maneno yake ya kutwa hayajazi kijiko.
Akaweka kompyuta yake kando ya yangu,
akachomeka waya mwekundu, akakuna sikio.
"Ingia kama mkuu wa maktaba."
"Nenosiri lake silijui."
"Andika makaroni."

Nikaandika makaroni.
Sifuri.
Mlango ukanifungukia kwa adabu zote,
kwa jina la Bi. Sylvi Kemppainen,
mwenye funguo zote na faini zote.

Nikausoma msimbo mstari kwa mstari.
Kila nukta-mkato ilikuwa kwao.
"Hauna kosa," Ilpo akasema.
"Ila ulimwuliza nani?"

Nilikuwa nimemwuliza yeye.
Waya mwekundu ulijibu
kabla seva ya chini haijamaliza kupiga miayo.
Bahasha aliifunga mwenyewe kwa makaroni,
makaroni yakaifungua.
Kesi ya ngedere, hakimu nyani,
nami karani
nikainakili hukumu kwa mwandiko mzuri.

Hatukwenda nyumbani.
Nilishuka kwenye mabomba, nikapanda na siri ndogo,
baiti chache, siri ya mlango wenyewe,
waijuayo wawili tu: mlango na seva ya kweli.
Sasa ukishaifungua bahasha, mlango haukuamini bado.
Wasema: kaniletee tiketi yangu mimi,
iliyofungwa kwa siri yangu.
Anayetoa ushahidi naye atoe ushahidi.

Makaroni yakagonga mwamba.
Nambari hasi, ndefu kama treni ya mizigo.
Sijawahi kufurahia kukataliwa namna ile.

Kabla ya kuzima taa nililifuta nenosiri kwenye kumbukumbu,
sifuri juu ya kila herufi.
Kompaila, kwa ujanja wake, iliitupa amri hiyo,
ikidhani pale hapasomwi tena na mtu.
Nikailazimisha.
Sifuri hii si ndiyo. Ni kusahau.

Mlangoni, mlango wa mbao huu, mlinzi akaniomba kitambulisho.
Nikampa. Kisha nikamtazama:
kofia, koti la buluu, nembo.
Koti hununuliwa.
"Na wewe je?" nikamwuliza.
Ilpo akacheka, mara ya kwanza tangu Septemba.
Mlinzi hakucheka.
Akafikiri kidogo, mvuke ukimtoka puani.
"Jumanne uliangusha glovu moja," akasema,
"ya kijani, kidole gumba kimetoboka.
Sijamwambia mtu.
Iko kwenye droo."